Gundi Ilibaki Wapi?

Najua nimekuwa kimya, na wapo mlioniandikia kuuliza kama nimestaafu kabla ya wakati. Sijastaafu. Kuna jambo moja nilikuwa nalizungukazunguka. Kila nikikaa kuliandika najikuta nimeandika la mpira, la foleni, la mvua, ili mradi si hilo. Leo nimeamua niliseme liishe. Linahusu gundi ya viatu. Usicheke kwanza.

Mwaka 2023, nikiwa na miezi saba tu ndani ya chumba cha habari, niliandika habari iliyomharibia mtu biashara. Haikuwa habari kubwa. Ilikaa ukurasa wa ndani, safu mbili na picha moja. Lakini ilikuwa ya kwanza kutoka na jina langu likiwa peke yake, bila la mkubwa wangu mbele yake, na nilinunua nakala nne kwa hela yangu mwenyewe. Moja nikaituma Muheza kwa bibi.

Mambo yalikuwa hivi. Karibu na kituo cha daladala ninachoshukia yupo fundi viatu mmoja, kijana wa rika langu. Asubuhi moja nikamkuta anagombana na mteja. Mteja kashika kiatu mkononi, soli inaning'inia kama ulimi wa mbwa mwenye kiu. Kilibandikwa wiki nne nyuma. Na hakikuwa cha kwanza: chini ya benchi fundi alikuwa na jozi tano nyingine zilizorudishwa kwa kosa lilelile. Mteja alipoondoka, fundi akachukua kiatu kimoja, akavuta soli mbele yangu taratibu. Haikukatika kwa ghafla. Ilikuja polepole, na kati ya soli na kiatu zikatokea nyuzi nyuzi za njano, zikarefuka, zikawa nyembamba, zikakatika moja moja.

"Kaka, unaona? Gundi imechakachuliwa hii," akaniambia. Akanitajia na duka alikonunua, Kariakoo.

Basi, mimi tayari nilikuwa na habari. Nikapiga picha ya zile nyuzi. Nikaongea na wateja wawili waliorudisha viatu. Nikapiga namba iliyokuwa kwenye risiti ya duka, mara mbili, haikupokelewa. Nikaandika ile sentensi ambayo sisi waandishi tunaijua kama tunavyojua majina yetu: juhudi za kumpata mwenye duka hazikuzaa matunda. Juhudi zenyewe zilikuwa ni simu mbili. Duka lilikuwa dakika ishirini kwa miguu kutoka ofisini kwetu.

Sikutaja jina la duka, mhariri alilikata. Lakini mtaa niliutaja, na rangi ya mlango nikaitaja. Kwa mafundi wa Dar es Salaam hiyo ilitosha kabisa. Na kuna sentensi moja niliipenda sana katika habari ile, nikaisoma kwa sauti hadi wenzangu wakachoka. Niliandika kwamba gundi hiyo ilikuwa inavutika kama utomvu wa fenesi. Ishikeni sentensi hiyo, nitairudia.

Mwaka mmoja ukapita. Masika ya 2024, mvua imenyesha usiku kucha, nami nakwenda kwenye mkutano na waandishi wa habari. Nikakanyaga dimbwi, nikanyanyua mguu, soli ya raba yangu ya kulia ikabaki kwenye matope. Nikachechemea mpaka kwa fundi wa karibu. Huyu alikuwa mzee, amekaa chini ya mwembe na makopo yake, nje kabisa kwenye upepo. Aliniambia baadaye kuwa hawezi kukaa ndani na gundi, mvuke wake unampiga kichwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Lete huyo mgonjwa."

Hakuchukua brashi wala nyundo. Alichukua soli kwa mkono mmoja na kiatu kwa mkono mwingine, akavigeuza vyote viwili kwenye mwanga, akavitazama kwa muda mrefu kama anasoma barua. Kisha akasema, "Hiki hakikukosa gundi. Kilikosa msasa."

Nikamuuliza amejuaje. Akanionyesha. Upande wa kiatu gundi ilikuwa imekaa yote, ngumu, safi, hata alama za brashi zinaonekana. Upande wa soli hakuna kitu, mpira mtupu unang'aa. "Gundi yenyewe nzima," akasema. "Haikukatika. Imeachia ukuta mmoja tu. Aliyebandika hakukwaruza soli, au aliacha vumbi, au alipaka akaenda kunywa chai, akarudi imekauka kupita kiasi. Gundi ikibaki upande mmoja, ulaumu mkono wa fundi. Ikibaki pande zote mbili, hapo ndipo uanze kuishuku gundi yenyewe, na hata hapo usikimbilie."

Sasa mimi, kwa kutaka kujionyesha kwamba si mgeni wa mambo hayo, nikamwambia niliwahi kuandika habari gazetini kuhusu gundi iliyochakachuliwa. Mzee akatikisa kichwa kwa heshima, akauliza, "Na hivyo viatu, gundi ilibaki wapi?"

"Pande zote mbili," nikajibu, nikifurahi kwamba nakumbuka.

"Soli zilikuwa za mpira au za plastiki?"

Kimya.

"Viatu vingine alivyobandika kwa kopo hilohilo, vya ngozi, vya mpira, navyo viliachia?"

Sikuwahi kuuliza. Wale jozi sita walikuwa mbele yangu kwa sababu ndio waliorudi. Waliofanya vizuri hawakuwa na sababu ya kurudi kwa fundi.

Nilikuwa bado na ile picha kwenye simu. Nikampa. Akaikuza kwa kidole, akanirudishia simu. "Plastiki," akasema. "Soli ya plastiki ina mafuta ndani yake. Gundi hii haiitaki mafuta. Mwenye duka ni yule wa mlango wa kijani? Hapo ndipo ninaponunua mimi miaka yote."

Jamani. Nimekaa kwenye vikao vingi vya mhariri, nimesemwa mbele za watu, lakini sijawahi kusikia aibu kama ile ya chini ya mwembe, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna.

Tangu siku hiyo nikaanza kusoma habari za gundi. Nilisoma usiku, nilisoma kwenye daladala, mwenzangu wa chumbani akadhani nataka kufungua kiwanda. Naomba niwape kidogo nilichokipata, maana nikiwa nimekijua kabla, habari yangu isingeandikwa vile.

Kwanza, ili gundi ishike ni lazima iwe laini. Uso wa kitu chochote, hata kioo, una vilima na mabonde usivyoviona kwa macho. Kitu kigumu kikiwekwa juu yake hugusa vilele tu. Gundi hutakiwa itiririke, iingie mabondeni, iguse kila mahali. Miaka ya 1960 mtaalamu mmoja wa kampuni ya 3M ya Marekani, Carl Dahlquist, alipima jambo hili kwenye selotepu na jamii zake. Akakuta kuna mpaka: gundi yenye ugumu unaozidi kama megapaskali 0.1 hivi, hata uibonyeze na kidole, haishiki. Mpira wa soli ya kiatu ni mgumu zaidi ya mara kumi ya hapo. Kwa hiyo gundi inayonata ni kitu laini mno.

Lakini kitu laini mno kama maji nacho hakishiki, kinatiririka tu. Gundi imewekwa katikati ya mambo mawili yanayogombana. Iwe laini ya kutosha kugusa, iwe na uzito wa kutosha kukataa kuachia. Ukiipunguzia upande mmoja unaongeza mwingine, na ugonjwa wake wowote huanzia hapo.

Pili, jambo lililonishangaza kuliko yote. Nguvu ya gundi haitokani sana na kule kugusana. Ukihesabu nishati inayohitajika kutenganisha nyuso mbili kwa mvutano wa molekuli peke yake, unapata kama sehemu moja ya kumi ya juli kwa mita moja ya mraba, au pungufu. Ukipima selotepu ya kawaida inapobanduliwa unapata mamia ya juli kwa mita hiyohiyo. Ni zaidi ya mara elfu! Nishati yote hiyo inakwenda wapi? Inaliwa na gundi yenyewe inapovutwa. Kwanza ndani yake hufunguka vipovu vidogo. Vipovu hupanuka. Kuta zilizobaki kati ya kipovu na kipovu hurefuka zikawa nyuzi. Nyuzi huvutika mara kadhaa ya urefu wake wa mwanzo, zikila nguvu zako, mpaka zikatike au ziachie ukuta.

Watoto wa shamba tunajua haya bila juli. Ulimbo wa kutegea ndege ndivyo unavyofanya kazi. Ndege akitua halafu akarusha mguu, ulimbo haumshikilii kama msumari. Unakubali, unavutika, na kadiri anavyopigapiga mabawa ndivyo nguvu zake zinavyoishia kwenye nyuzi. Anashindwa na kitu laini.

Kwa hiyo zile nyuzi nilizozipiga picha hazikuwa ushahidi wa gundi feki. Nyuzi ni tabia ya gundi laini inaposhindwa. Zilikuwa zinasema tu kwamba gundi ile imekuwa laini kuliko inavyotakiwa. Swali lilikuwa ni nani aliyeilainisha, na hilo swali sikuliuliza.

Tatu, kuna namna ya kuvuta. Chukua selotepu ibandike ukutani. Ukiivuta kwenda chini sambamba na ukuta, eneo lote linakataa kwa pamoja. Ukiinyanyua ncha na kuivuta kuja kwako, nguvu yote inakaa kwenye mstari mmoja mwembamba, pale inapoachia. Ni kama kumenya chungwa. Hulivui ganda lote kwa mara moja, unaanza na kucha. Mwanasayansi Mwingereza Ronald Rivlin aliandika hesabu yake mwaka 1944, na ni hesabu ya darasani. Kwa selotepu yenye upana wa sentimita 2, inayohitaji juli 200 kwa mita ya mraba, ukivuta wima kutoka ukutani unahitaji niutoni 4 tu, uzito wa kama gramu 400. Ukiilaza mpaka nyuzi 10 kutoka ukutani, kwa hesabu hiyohiyo unahitaji zaidi ya mara 60 ya nguvu hizo. Selotepu ni ileile, ukuta uleule, na gundi ileile. Kilichobadilika ni pembe.

Mjusi wa ukutani analijua hilo. Yeye hana gundi, ana vinywele vidogo sana miguuni, lakini hukanyaga kwa kuburuta kidole ili kishike, na akitaka kuondoka hukikunja kutoka nchani, anakimenya. Ndiyo maana anakimbia darini bila kubanduka na bila kunasa.

Na kiatu? Kila unapopiga hatua unaikunja soli kwenye vidole. Mbele kabisa, kwenye ncha, soli inataka kumenywa. Hatua baada ya hatua, maelfu kwa siku. Ndiyo maana viatu vingi huanza kufungua mdomo mbele, na ndiyo maana fundi mzuri, hata akishapaka gundi, hupitisha uzi pale nchani. Uzi unazuia ule mstari wa kwanza usianze.

Nne, muda. Hili liliniogopesha. Mnajua kalenda inayobandikwa ukutani kwa selotepu mwezi wa kwanza? Siku unayoibandika unaivuta kidogo kuijaribu, inashika. Wiki ya kwanza iko vilevile. Joto la Dar likianza kazi yake, inashuka milimita, tena milimita, huoni. Usiku mmoja unasikia pwaa! Hakuna aliyeigusa. Gundi laini ikibebeshwa mzigo mdogo lakini wa kudumu hutiririka polepole, kama asali nzito sana, na joto huifanya itiririke haraka zaidi. Kujaribu kwa dakika moja hakukuambii lolote kuhusu miezi sita.

Mnaweza kusema kalenda ni kalenda tu. Basi nawapeleka Boston, Marekani. Pale kuna njia ya chini ya ardhi ambayo dari yake ilikuwa ya mabamba ya zege. Mabamba yalining'inizwa kwa nondo zilizochomekwa kwenda juu ndani ya matundu, na ndani ya matundu nondo zilishikwa na gundi ya epoksi. Epoksi unaiona ngumu kama jiwe, si kama selotepu. Usiku wa tarehe 10 Julai 2006 gari likawa linapita, na kama tani 26 za zege na vyuma vyake zikaanguka. Abiria mwanamke alikufa. Mumewe, aliyekuwa akiendesha, alijeruhiwa akatoka hai.

Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani, NTSB, ilitoa ripoti yake mwaka 2007. Gundi iliyotumika ilikuwa ya aina ya kukauka haraka, na aina hiyo, ikibebeshwa uzito wa kudumu, inateleza polepole. Nondo zilikuwa zinashuka kidogo kidogo kwa miaka. Kinachouma zaidi ni kwamba dalili zilikuwepo. Mwaka 1999, wakati wa ujenzi katika mradi huohuo, baadhi ya nondo zilionekana zimeshuka. Nyingine zikawekwa, zikavutwa kwa nguvu kubwa kuzijaribu. Zikafaulu, na kazi ikaendelea. Walizijaribu kwa muda mfupi, na mzigo wenyewe ulikuwa wa muda mrefu. Watu waliona gundi ikishindwa mbele ya macho yao, lakini hawakuuliza inashindwa kwa namna gani.

Mimi sikumuua mtu, nashukuru Mungu. Lakini nilipofika hapo kwenye kusoma niliweka simu chini nikakaa kimya.

Narudi kwa mzee wangu wa mwembeni na mafuta yake ya plastiki. Soli nyingi za bei rahisi ni za PVC. PVC ikiwa peke yake ni ngumu, ndiyo ile ya mabomba ya maji. Ili ikunjike kama soli, kiwandani huchanganywa na vilainishi, vimiminika vyenye asili ya mafuta vinavyokaa katikati ya molekuli zake. Vilainishi hivyo havikufungwa kwa mnyororo. Vinahama. Na gundi ya kawaida ya mafundi, ile ya njano ya neoprini, ni mpira ulioyeyushwa. Unaupaka pande zote mbili, unasubiri kiyeyushi kiruke mpaka ukigusa haigandi kidoleni, halafu unaunganisha na kugonga nyundo. Ikishatulia, minyororo ya mpira ule hujipanga na kukaza, na kwenye ngozi au mpira inashika vizuri sana. Lakini ukiipaka kwenye soli ya PVC, siku zinavyokwenda vilainishi vinahama kutoka kwenye soli vinaingia kwenye gundi. Gundi inalainika. Inavuka ule mpaka kuelekea kwenye maji. Kisha mwenye kiatu anatembea juani, soli inakunjwa, na kazi imekwisha. Ndiyo maana viwanda hutumia gundi nyingine kwa soli za aina hiyo, ya poliurethani.

Mzee alinifanyia jaribio ambalo mpaka leo nimelihifadhi. Alikata vipande viwili vya ngozi, kipande kimoja cha mpira wa tairi na kimoja cha soli ya PVC. Akavikwaruza vyote kwa msasa, akapaka gundi ya kopo lilelile, kopo la duka la mlango wa kijani. Akabandika ngozi moja kwenye tairi na nyingine kwenye PVC, akagonga nyundo. "Nenda kaviweke penye joto," akasema. "Usivichokoze."

Niliviweka juu ya kabati, chini ya bati, chumbani kwangu. Wiki sita. Kisha nikavivuta mbele ya mwenzangu. Ile ya tairi ilikataa mpaka ngozi ikaanza kuchanika. Ile ya PVC ikaja yenyewe, taratibu, na nyuzi za njano zikasimama katikati, zilezile za kwenye picha yangu.

Na hapo ndipo ile sentensi yangu tamu iliponirudia. Kama utomvu wa fenesi.

Wasomaji, nani kati yetu aliyekulia kwenye fenesi asiyejua la kufanya? Bibi yangu kule Muheza kabla hajashika kisu kulipasua fenesi alikuwa anajipaka mafuta ya kula mikononi na kwenye kisu. Sisi wajukuu tulikatazwa kugusa kabla ya kupakwa. Na ukinaswa, husugui kwa maji wala kwa sabuni, utalia. Unasugua mafuta, utomvu unalainika, unaachia. Nimefanya hivyo mara mamia tangu nikiwa mtoto. Nilijua kwa mikono yangu kwamba mafuta huiua gundi. Nikaandika utomvu wa fenesi kwa kalamu yangu mwenyewe, na sikufikiria mafuta hata kidogo, kwa sababu nilikuwa nimeshampata mkosaji.

Nilikwenda dukani. Ilinichukua siku tisa kupata ujasiri, kwa mwendo wa dakika ishirini. Mwenye duka ni mtu wa makamo, mpole. Nilimsalimia, nikajitambulisha, nikamwambia ni mimi niliyeandika. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nikatoa vile vipande viwili nikaviweka juu ya kaunta, nikaanza kueleza habari za PVC na vilainishi. Aliniacha nieleze mpaka mwisho. Kisha akasema anayajua hayo. Anawaambia mafundi kila siku gundi gani ni ya soli gani, wengine wanasikia, wengine wanatazama bei.

"Simu uliyopiga ilikuwa ya binti yangu, siku hiyo alikuwa na mtihani," akaniambia. "Lakini si kitu. Ungekuja tu na kiatu."

Hakusema zaidi ya hapo. Nilimuuliza biashara ilikuwaje baada ya habari ile. Akasema mafundi wengi walihamia maduka mengine, na fundi akishahama hubaki huko, si kwa ubaya, ni mazoea. Alimpunguza kijana mmoja wa kazi. Alikuwa akiyasema haya huku anampimia mteja misumari.

Nilirudi kwa mhariri nikamweleza. Alinisikiliza, akashusha pumzi, akakubali masahihisho. Yalitoka mwezi huo, mistari minne, chini ya tangazo la mnada, bila picha. Nilinunua nakala moja nikampelekea mwenye duka. Aliisoma, akasema asante, akaikunja. Siwezi kuwaambia kwamba wateja walirudi. Anayesoma habari ya uchakachuaji hasomi mistari minne ya mwezi mwingine wa mwaka mwingine.

Yule fundi kijana wa kituoni nilimpelekea vile vipande pia. Alivitazama kwa muda. Kwanza alinikasirikia, kwamba namfanya yeye ndiye mkosaji. Kisha akavuta kile cha PVC, akanusa, akavuta tena. Siku hizi ana makopo mawili, na kabla hajapaka anaichoma ncha ya soli kidogo kwa njiti ya kiberiti kujua ni ya nini. Ugomvi na wateja umepungua. Lakini kopo la pili hakulinunua kwenye mlango wa kijani. Ananiambia anaona haya.

Nami naona haya, ndiyo maana imenichukua muda mrefu kuandika haya. Nimeyaandika hapa kwa sababu gazetini nafasi ilikuwa mistari minne, na hapa hakuna wa kunikata. Siku hizi mtu akiniletea jambo lililoharibika, liwe daraja, mradi au ndoa ya mheshimiwa, namsikia yule mzee ananiuliza gundi ilibaki wapi. Sipati jibu kila mara. Lakini nauliza, na nakwenda kwa miguu.

Kama una kiatu kilichoachia hapo nyumbani, kigeuze ukitazame pande zote mbili kabla hujakipeleka kwa fundi. Halafu niambie umeona nini.